Siku Tatu za Kochi Jipya

Mkuu wa hospitali aliigeuza ile karatasi, na nyuma yake akakuta vipimo vya kochi la mwenye duka la dawa. Urefu wa mgongo, kina cha kiti, unene wa mikono, vyote kwa penseli yangu nene ya kuchoria mbao, na chini kabisa neno moja: kijani. Kisha akanitazama mimi juu ya miwani, kama mtu anayemtazama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni.

"Mzee," akasema, "hii karatasi unaijua?"

Nilikuwa nimeibeba mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Miezi mitatu nilipigwa danadana katika jengo lile, nenda dirisha namba nne, dirisha namba nne waseme faili liko wodini, wodini waseme limepelekwa juu, na huko juu mlango umefungwa, mkubwa yuko kikaoni. Kila walichonipa nilikitunza. Kadi ya kliniki, fomu za malalamiko za rangi tatu, cheti cha kifo, hata kile kikaratasi cha kuruhusiwa kuegesha gari la jirani mbele ya mapokezi. Nilivitia vyote kwenye mfuko wa nailoni, ule ninaowekea vifungo vya makochi, nikaapa kwamba siku wakinifungulia mlango, sitakosa hata kipande. Siku ikafika, kamati yao ya malalamiko ikaniita. Nikamwaga mfuko mzima juu ya meza yao ya kioo, vifungo viwili vikabiringika mpaka kwa katibu. Na katika rundo lote lile, mkono wa mkuu ukaenda moja kwa moja kwenye karatasi ile.

Mimi ni fundi makochi. Shule niliiachia darasa la nne, siku baba aliponiambia kiti changu kapewa mdogo wangu, na sijawahi kuona aibu kwa hilo mbele ya mteja. Kusoma nasoma, polepole, lugha yangu. Lakini kochi nalisoma kwa kulikalia mara moja tu.

Watu hulalamikia kitambaa. Fundi, kitambaa kimechoka, fundi, kitambaa kimelegea. Ukilipindua kochi unakuta kitambaa hakina kosa. Mikanda ya chini imetanuka, sponji imezama, na kitambaa kimefuata tu yaliyotokea ndani. Fundi mwongo hukivuta kitambaa hivyo hivyo, anapiga pini, anachukua chake anaondoka. Miezi miwili haipiti, kochi limeota tumbo tena. Mimi hulivua lote. Nakaza mikanda mpaka ukiipiga kwa kidole inalia, naweka sponji mpya, ndipo navuta kitambaa, na kinachozidi nakata. Kazi ya kuvuta ilikuwa yangu. Kushona ilikuwa ya mke wangu.

Tulimwita Mama Pacha, hata mimi nilimwita hivyo, ingawa kabla ya mapacha alikuwa na wengine wawili. Wale mapacha walikaa tumboni mpaka siku ya mwisho na walitoka wazito wote wawili, kana kwamba walipatana humo ndani kuwa hakuna atakayepunjwa. Walipotoka, tumbo halikurudi. Lilishuka na kulala juu ya mapaja yake kila alipokaa kwenye cherehani. Akijiinua kutoka kitandani, katikati ya tumbo paliinuka tuta, kuanzia chini ya kifua mpaka kitovuni, na kitovu chenyewe kilitokeza nje kwa ngiri, kikubwa kama ndimu. Mgongo ulimuuma mpaka akawa anashona amesimama, mguu mmoja kwenye pedali, akijiegemeza kwa kiwiko.

Na watu nao. Siku moja tulikwenda kwenye foleni ya kuandikisha vitambulisho, askari akampungia mkono, mama mjamzito apite mbele. Mapacha, waliokuwa na miaka kumi, walisimama pembeni yake kila mmoja na viatu vyake vya shule. Akapita mbele. Akarudi na kitambulisho chake, akaniambia kwa sauti ya kusikika na foleni nzima, "Baba Pacha, nakuachia foleni. Mimi nina wadogo zao hawa wanasubiri chakula." Watu waliangua kicheko. Alicheka kuliko wote. Lakini tulipofika nyumbani aligeuza kiti cha cherehani kikaelekea ukutani, na tangu siku hiyo wateja walikuwa wanamwona mgongo.

Tangazo tulilisikia redioni, karakanani. Madaktari wa kujitolea wangekuja hospitali kuu kwa wiki mbili, kushughulikia wanawake walioharibika maumbile kwa uzazi, ngiri za tumbo zikiwemo. Mama Pacha alizima cherehani. Kesho yake asubuhi nilikuta ametandika kitanda na kuvaa gauni lake la kutokea.

Aliyempima alikuwa mwanamke mfupi, viganja vidogo, sauti ya taratibu. Alimlaza chali akamwambia ainue kichwa, tuta likapanda, na daktari akaingiza vidole katikati yake. Vikazama vinne. Akaniita nije nione, jambo ambalo hakuna daktari aliyewahi kunifanyia. Akasema pale pana misuli miwili mirefu inayopaswa kukaa bega kwa bega, na ya mke wangu iliachana wakati wa mapacha na haikurudiana. Mazoezi hayataikutanisha tena. Halafu akachukua kalamu akanichorea.

Atapasua chini kabisa, alisema, nyonga hadi nyonga, pale nguo ya ndani itakapoficha kovu. Ataibandua ngozi pamoja na mafuta yake kutoka kwenye misuli, kuipandisha juu mpaka karibu na mbavu. Ngiri ataifunga. Kisha ataishona ile misuli miwili ikutane katikati, kuanzia chini ya kifua kushuka hadi chini, uzi usiooza upesi. Hapo ndipo atakapoishusha ngozi, aivute, na inayozidi aikate.

"Kwa hiyo mnakaza mikanda kwanza," nikasema, "ndipo mnavuta kitambaa."

Kalamu yake ikasimama. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Nikaona nimepewa nafasi, nikaendelea: na kitovu basi ni kama kifungo cha katikati ya mto, uzi wake haukatwi, kinabaki kimeshikiliwa hukohuko chini, mnatoboa tundu jipya kwenye kitambaa kipya ili kitokeze. Yule daktari alicheka mpaka akaita wauguzi. Akawaambia waje wamsikie fundi, amemaliza somo la mwaka mzima kwa dakika mbili.

"Daktari, usimsifu," Mama Pacha akasema kutoka kitandani, gauni likiwa bado limepandishwa kifuani. "Huyu atataka kunipiga pini mwenyewe."

Nilitoka chumbani mle nimejaa kama mto mpya. Miaka hamsini na miwili, sijawahi kuelewa maneno ya daktari, nikitoka hospitali najua tu vidonge vingapi asubuhi na vingapi jioni. Siku ile nilielewa kila kitu. Nilimweleza jirani, nikamweleza muuza sponji, nikawaeleza mapacha kwa kutumia mto halisi na sindano. Nilivyoelewa hivyo ndivyo nilivyoharibu, ila wakati ule ningejuaje.

Walimfanyia Jumatatu. Alipotoka nilimkuta ameinuliwa magoti, mirija miwili myembamba inatoka kando ya kovu na kuingia kwenye vichupa vya plastiki, maji mekundu yanadondoka. Mkanda mpana umembana kiunoni. Nikafunuliwa shuka nione. Pale palipokuwa na mzigo wa miaka kumi palikuwa tambarare. Kitovu kilikuwa kidogo, kimezama ndani, kimezungushiwa nyuzi. Ile ilikuwa kazi safi. Hakuna mkunjo, pembe zimekaa. Yule daktari nampa haki yake mpaka leo, na ndiye pekee katika jengo lile ninayempa.

Jumanne jioni nilipokwenda kumwona akaniambia wamemtembeza mpaka dirishani na kumrudisha, ameinama kama bibi anayetafuta sindano sakafuni. Damu ilinichemka. Nikamtafuta muuguzi nimuulize ni akili gani hiyo, mtu ana mishono ya jana wanamsimamisha, wanataka ifumuke. Muuguzi alikuwa mmoja kwa wodi nzima, anakimbia na trei. Akanijibu bila kusimama, baba, ni daktari kasema. Nikajiambia, hawa ndio wale mafundi wanaotaka kochi litoke karakana kabla gundi haijashika, ili lingine liingie. Nilikuwa na hakika kuliko nilivyowahi kuwa na hakika na jambo lolote.

Maana karakana kwetu lipo sharti, na kila mteja wangu analijua. Kochi lililovalishwa upya halikaliwi siku tatu. Gundi ikauke, sponji ijijue, kitambaa kikubali umbo lake. Ukilikalia kabla, mvuto unahama, na mshono wa pembeni unaanza kutanua midomo. Mama Pacha ndiye aliyekuwa akiliandika kwenye kipande cha boksi na kukibandika kwenye kiti kwa pini: SIKU TATU.

Jumatano asubuhi walimruhusu. Neno hilo, walimruhusu. Alikuwa bado amekaa ukingoni mwa kitanda, anatafuta kandambili kwa vidole vya mguu, na mhudumu alikuwa tayari anapangusa godoro kwa dawa upande wa pili, maana mwanamke mwingine alikuwa mlangoni na kifurushi chake. Sista mkuu wa wodi alikuja na simu imebanwa begani. Alinipa mfuko wa vidonge, akanipa na karatasi. Nikamuuliza la kuzingatia ni lipi. Akaweka mkono kwenye simu.

"Akapumzike, baba. Mengine yote yamo humo."

Karatasi ilikuwa imechapwa upande mmoja, maandishi madogo, lugha ya madaktari, mistari imehesabiwa namba. Nilimwonyesha Mama Pacha garini. Akaishika, dawa za maumivu zimemlegeza macho, akasema herufi zinacheza, atasoma kesho na kamusi ya mapacha. Nikaikunja mara nne nikaitia mfuko wa shati. Neno la sista nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu, na lilikuwa neno nililolitarajia.

Sebuleni tuna kochi moja la watu watatu ambalo sikuwahi kuliuza. Tulilivalisha wote wawili mwaka tuliooana, na tukalivalisha tena mara tatu. Nikamlaza hapo, mto chini ya magoti ili ngozi isivutike, na nikachukua kipande cha boksi, nikaandika kwa penseli, nikakibandika kwenye mkono wa kochi. Alikisoma, akafunga macho akitabasamu.

"Fundi," akasema, "kwa hiyo mimi siuzwi mpaka Jumamosi?"

Nilimhudumia vizuri, kama nilivyojua. Uji nilimnywesha kwa kijiko. Beseni nilimletea palepale, akaona haya siku ya kwanza, ya pili akawa ananitania kwamba nimepanda cheo. Vichupa nilivimwaga na kuandika kiasi, kama nilivyoona wakifanya. Alitaka kunyanyuka Jumatano jioni, nikamkatalia. Akataka tena Alhamisi, akasema mgongo umechoka kulala, nikamwonyesha boksi.

Alhamisi mchana nilikwenda duka la dawa kununua pamba na bandeji. Mwenye duka aliniambia anajenga chumba cha kupumzikia nyuma ya duka na ana kochi la kurithi, je nitaweza kulitazama. Kazi ni kazi. Nikatoa futi ya kupimia, yeye akashika upande mmoja, mimi mwingine, na sikuwa na daftari. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa shati. Nikaikunjua ile karatasi, nikaiweka juu ya kiti cha kochi lake, upande mweupe juu, nikaandika vipimo. Akataka kitambaa cha kijani. Nikaandika kijani.

Mara nyingi nalirudia tukio hili. Mtu anayesoma maandishi ya madaktari toka asubuhi hadi jioni, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, alikuwa ameinama hatua moja kutoka kwangu, ameshika ncha ya futi, na karatasi iko kati yetu imelala kifudifudi. Alinipa pole ya mgonjwa. Akaniuliza, anaendeleaje? Nikamjibu anapumzika.

Ijumaa alikuja shemeji yangu, dada yake Mama Pacha, mwanamke anayeingia nyumba ya watu akianzia jikoni. Alimkuta amelala akasema mbona hatembei, mwenzake wa kazini alipopasuliwa kizazi walimsimamisha siku ileile. Nikamwambia kizazi ni kizazi na hii ni kazi nyingine. Akasema, wewe umesomea wapi? Neno hilo lilinigusa pabaya. Nikamwambia daktari bingwa mwenyewe alinisifu mbele ya wauguzi wake, kwamba nimeelewa kuliko wanafunzi, na yeye shemeji alikuwa wapi siku hiyo. Tulibishana juu ya mgonjwa kama watu wanaogombea meza. Mama Pacha alikuwa katikati yetu, akinitazama mimi.

"Dada, mwache," akasema mwishowe. "Imebaki siku moja tu. Namjua huyu na masharti yake."

Shemeji aliondoka hajanywa hata maji. Jioni hiyo, jua bado liko dirishani, Mama Pacha akasema shavu la mguu wa kushoto linamvuta. Nikalishika, lilikuwa gumu, na la moto kidogo kuliko mwenzake. Nikasema ni kulala sana, damu imechoka kukaa mahali pamoja. Nikamkanda. Nilimkanda kwa viganja vyote viwili, nikipandisha juu, kama ninavyosukuma sponji ikae kwenye pembe, na akasema asante, mvuto umepungua.

Jumamosi asubuhi nilikibandua kile kipande cha boksi. Nilifanya kwa madaha, mapacha wakiwa wamesimama wanashuhudia, nikasema bidhaa sasa iko tayari. Nikamshika kwapani, pacha mmoja akashika vichupa. Akasimama, ameinama nusu, mkono juu ya mkanda. Hatua ya kwanza. Ya pili. Alifika mlangoni akashika fremu, mwanga wa uani ukamwangukia kuanzia kichwani. Aliinamisha macho chini na akakaa hivyo, nikadhani kizunguzungu.

"Fundi," akasema, "naviona vidole vyangu vya miguu."

Alivichezesha, vyote kumi. Mapacha wakacheka. Halafu alivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, akavuta nyingine, na hiyo ya pili haikufika alikoipeleka. Nilimdaka kabla hajafika sakafuni. Gari la jirani lilikuwa na mafuta, barabara ilikuwa nyeupe, hatukukwama popote. Katika haya yote, hiyo ni sehemu pekee ambayo sina wa kumlaumu. Alikata roho kabla ya mapokezi. Walituambia damu iliganda mguuni, ikang'oka, ikapanda ikaziba mapafu. Daktari mfupi alikuwa ameondoka na wenzake Ijumaa.

Ndiyo miezi mitatu ikaanza. Nilitaka kitu kimoja. Nilitaka waandike, kwenye faili lake, kwa muhuri, kwamba mke wangu alitolewa kitandani siku ya pili kwa sababu kitanda kilihitajika, na kwamba hakuna aliyekaa chini na sisi dakika tano kutuambia la kufanya. Sikutaka kingine. Niliwaza kwamba mapacha wakikua, wakiuliza, niwape karatasi yenye muhuri wasome wenyewe.

Na sasa mkuu wa hospitali alikuwa ameshika karatasi nyingine. Aliigeuza tena, upande wenye maandishi ukawa juu, akanisomea kwa kutafsiri, polepole, kidole kikifuata namba. Mgonjwa atembee kuanzia siku ya kwanza, kila baada ya saa chache, hata kama ameinama. Asilale mchana kutwa. Mguu ukiuma, ukivimba au ukipata joto, usikandwe, arudishwe hospitali mara moja.

Katibu aliacha kuandika.

"Mlipewa maelekezo, mzee," mkuu akasema.

Nikamuuliza yameandikwa kwa lugha gani. Akasema ya kitaalamu. Nikamuuliza, mimi ningeisomaje?

"Ungeuliza."

"Nimewauliza miezi mitatu," nikamwambia. "Sista nilimuuliza pia. Alisema apumzike."

Akasema sista huyo amehamishwa, hakuna wa kuthibitisha kama alisema au hakusema. Akavua miwani akaipangusa kwa ncha ya tai. Halafu akauliza, kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza: huko nyumbani, nani hasa alimwambia asinyanyuke?

Kwenye meza ya kioo niliona sura yangu, na chini ya kioo viatu vyangu vyenye gundi. Nikarudia kwamba sista alisema apumzike. Ulikuwa ukweli mtupu, na nilijibanza nyuma yake. Sharti la siku tatu sikulitaja. Kile kipande cha boksi sikukitaja. Mkuu akampa ishara katibu, na wakaandika kwamba ndugu wa marehemu hawakuzingatia maelekezo waliyopewa. Wakanisogezea kalamu niweke sahihi kwamba nimesomewa. Nikasema ongezeni basi kwamba yaliandikwa kwa lugha msiyozungumza na wagonjwa wenu. Mkuu akasema hilo liko nje ya kazi ya kamati hii. Nikairudisha kalamu mezani. Nikaokota vifungo vyangu viwili. Karatasi waliibakiza, ikaingia kwenye faili pamoja na vipimo vya kochi.

Nawalaumu. Nitawalaumu mpaka nazikwa, na sitaki mtu aje kunituliza. Mwenye meza ya kioo ndiye mwenye uwezo wa kuamua karatasi iandikwe vipi, wodi iwe na wauguzi wangapi, mgonjwa akae siku ngapi, na aliamua vile. Lakini mezani kwake sikusema yote, kwa hiyo yaliyobaki nimeyaandika hapa, mapacha wayakute. Wale ni wasomaji wazuri. Wanamzidi kila mtu katika ukoo wetu.

Kochi la mwenye duka la dawa nililikamilisha mwezi uliofuata. Ilibidi nirudi kupima upya. Alishika ncha ya futi kama mara ya kwanza. Kitambaa nilikishona mwenyewe, kwa cherehani ya Mama Pacha, kiti nikiwa nimekigeuza kielekee karakana. Mshono wa mbele ulinitoka kombo kidogo. Yeye angeufumua bila kuniuliza.

Nililipeleka asubuhi. Mke wa mwenye duka alilizunguka, akapapasa kile kijani, akasifu. Ni mteja wa zamani, taratibu zetu anazijua. Akaniuliza kile kipande cha boksi kiko wapi, na je, siku tatu zinahesabiwa kuanzia leo au kesho.

Nikamwambia akae.

Alinitazama. Nikamwambia akae sasa hivi, kisha anyanyuke, atembee kidogo, arudi akae tena. Akakaa kwa wasiwasi, nusu nusu, mikono magotini. Akanyanyuka. Palepale kwenye pembe ya kushoto kitambaa kilijikunja, mkunjo mmoja mwembamba kama kovu. Nilikuwa na sindano kwenye kola ya shati na uzi wa kijani mfukoni. Mkunjo nikauacha.